Delhi au Maskati: Uanze na Anguko Lipi?

Kuna mtu mmoja aliyeziparamia dola mbili kubwa za Bahari ya Hindi ndani ya miaka michache tu. Mwaka 1737 majeshi ya Nadir Shah wa Uajemi yalishuka Oman, tena kwa kualikwa: imamu mwenyewe, Seif bin Sultan wa pili, ndiye aliyeomba msaada dhidi ya watu wake. Februari 1739 Nadir Shah akalivunja jeshi la Wamughali, watawala wa India, pale Karnal, kaskazini ya Delhi. Mwezi uliofuata akaingia mjini, watu wakauawa kwa maelfu, naye akaondoka na Kiti cha Tausi pamoja na almasi ya Koh-i-Noor. Wakati huo Mombasa ilikuwa mkoa wa Oman, na Hyderabad na Bengal zilikuwa mikoa ya Delhi. Magavana wa kote kuwili walikuwa wakitazama.

Vijana wa sekondari na wa vyuo hapa Mombasa wakipewa kazi ya kueleza jinsi dola kubwa inavyodhoofika na falme za mikoani zinavyoinuka, wengi hukimbilia Delhi. Vitabu ni vingi, majina yanajulikana. Anayetaja Maskati na Mombasa huambiwa hiyo ni historia ya mtaani, haitoshi kwa insha nzito. Mimi nasema inatosha, na kwa wengi wetu ndiyo ya kuanzia, lakini iko hali ambayo Delhi inashinda waziwazi, na sitaki mtu achague Mombasa kwa sababu tu ni kwao. Kwa hivyo nizilaze hadithi hizi mbili ubavu kwa ubavu.

Namna makao makuu yalivyodhoofika

Ukitaka kuona fedha zikiivunja dola, nenda Delhi. Afisa wa Wamughali alipewa cheo kilichoitwa mansabu, na mara nyingi badala ya mshahara wa mkononi alipewa jagiri, yaani haki ya kukusanya kodi ya ardhi katika eneo fulani. Ardhi haikuwa yake. Baada ya miaka michache alihamishwa, akapewa jagiri kwingine. Mpango huo ulikwenda vizuri maadamu ardhi yenye mapato ilitosha na mfalme alikuwa na nguvu za kuwahamisha watu.

Aurangzeb, aliyetawala toka 1658, aliyavuruga yote mawili. Mwaka 1681 alishuka kusini kupigana katika nyanda za Deccan, na hakurudi Delhi tena hadi alipofariki 1707. Aliziteka Bijapur (1686) na Golconda (1687), lakini ushindi ukageuka mzigo, kwa kuwa wakuu wa falme hizo walipaswa kupewa vyeo, na wale Wamaratha, wapiganaji wa huko Deccan, waliovutwa upande wake nao walitaka vyeo. Wenye mansabu wakawa wengi kuliko jagiri za kuwalipa. Aliyebahatika kuipata hakujua kama mwakani itakuwa bado mkononi mwake, hivyo akamkamua mkulima mapema awezavyo, na mkulima akahama au akashika silaha. Baada ya kifo cha Aurangzeb wana na wajukuu wakauana kugombea kiti. Mwaka 1719 pekee Delhi ilikuwa na wafalme wanne, mmoja baada ya mwingine.

Maskati ni hadithi fupi zaidi. Ukoo wa Yaarubi ulishika uimamu wa Oman mwaka 1624 kwa Nasir bin Murshid, ukawatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na Desemba 1698 ukaingia Ngomeni, Fort Jesus, baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Dola yao ilitembea baharini. Kilichoivunja kilikuwa swali moja la sheria. Kwa mafundisho ya Kiibadhi, madhehebu ya Waomani, imamu huchaguliwa na wanavyuoni na wakuu wa makabila kwa elimu na uwezo wake. Yaarubi walikuwa wameufanya urithi wa baba kwa mwana. Sultan bin Seif wa pili alipofariki akaacha mtoto mdogo, wanavyuoni wakamtaka mtu mzima, makabila yakamtaka mtoto, na Oman ikagawika pande mbili, Hinawi na Ghafiri, zikapigana kwa miaka na miaka.

Mombasa ililipia vita hivyo moja kwa moja. Mwaka 1728, Waomani wakiwa wameshughulika kuuana kwao, Wareno walirudi kwa msaada wa Pate wakaichukua tena ngome. Wenyeji waliwafukuza mwaka uliofuata, wao wenyewe, bila ya jeshi kutoka Maskati. Sehemu hii nadhani hatuisemi vya kutosha. Miongozo mingi ya wageni huruka kutoka 1698 moja kwa moja hadi Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar wa ukoo wa Busaidi, kana kwamba karne nzima na zaidi ilipita pale watu wamelala.

Katika kipengele hiki basi, anayependa hesabu, kodi na wakulima achukue Delhi. Anayependa swali la nani ana haki ya kutawala achukue Maskati.

Gavana anayegoma kwa jina la utii

Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo ningemtaka msomaji akae.

Tunapoambiwa falme za mikoa ziliinuka, tunafikiria bendera mpya na tangazo la uhuru. Kwa magavana hawa haikuwa hivyo. Mir Qamar-ud-din, anayejulikana zaidi kama Nizam-ul-Mulk, alikuwa waziri mkuu Delhi, akachoshwa na fitina za barazani, akarudi Deccan. Mwaka 1724 alimshinda na kumwua Mubariz Khan, gavana aliyeungwa mkono na mfalme ili amzuie. Kisha nini? Hakujitangaza mfalme. Khutba ya Ijumaa Hyderabad iliendelea kusomwa kwa jina la mfalme wa Delhi, sarafu zikapigwa kwa jina hilohilo, na mfalme, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akamtunuku lakabu ya Asaf Jah. Nizam akawa anateua maafisa wake, anakusanya kodi yake, anapigana vita vyake, na bado ni mtumishi mtiifu.

Bengal ilikwenda mbali zaidi katika mchezo huo. Murshid Quli Khan, aliyekuwa msimamizi wa fedha kisha akathibitishwa kuwa gavana mwaka 1717, alihamisha ofisi za mapato kutoka Dhaka hadi mji alioupa jina lake, Murshidabad. Aliendelea kupeleka mapato Delhi kila mwaka kwa uaminifu, na kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyemwuliza jambo. Aliyetuma fedha aliachwa apange mkoa wake atakavyo, na alipofariki mwaka 1727 ugavana ukabaki katika familia yake. Saadat Khan huko Awadh, kuanzia 1722, alifuata njia inayofanana na hiyo.

Sasa njoo Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 1730 Muhammad bin Athman al-Mazrui alikuwa liwali hapa kwa niaba ya Yaarubi. Huko Oman, Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi, aliyekuwa liwali wa Sohar, alistahimili mazingiwa ya Waajemi, akawatoa nchini, na katika miaka ya 1740 akachaguliwa imamu. Yaarubi wakawa wamekwisha. Muhammad bin Athman akakataa kumtambua. Simulizi zilizopokewa zinaieleza hoja yake hivi: Ahmad ni liwali kama mimi, yeye ameshika Oman, mimi nimeshika Mombasa.

Linganisha na Nizam. Nizam alijitenga huku mfalme wa ukoo uleule bado yuko kitini, akamtumia kama mwavuli. Mazrui alijitenga kwa kuwa ukoo aliouapia utii umeondoka: kiapo changu kilikuwa kwa Yaarubi, Yaarubi hawapo, basi sina deni kwa mtu. Wote wawili wamesimama juu ya utii. Mmoja anasema bado natii, mwingine anasema aliyestahili utii wangu amekufa. Kwa maoni yangu hoja ya Mazrui ni safi zaidi kisheria na ni mbaya zaidi kisiasa, maana ilimlazimu Ahmad bin Said kumjibu. Delhi ingeweza kujifanya haioni. Maskati haikuweza, kwa sababu imamu mpya alikuwa bado anatafuta kukubaliwa na kila mtu aliyemkana alikuwa hatari kwake.

Jibu likaja. Watu waliotumwa kutoka Oman wakajifanya wamegombana na imamu, wakapokewa ngomeni kwa ukarimu, wakamwua Muhammad bin Athman. Nduguye, Ali bin Athman, akatiwa kifungoni, akatoroka, akarudi na watu wake, akaikomboa ngome na kumwua liwali aliyewekwa na Busaidi. Toka hapo Mombasa ilikuwa ya Mazrui, kwa vitendo, hadi 1837.

Mwanafunzi anayetaka mfano mmoja wa kueleza wazo hili la uasi uliovaa kanzu ya utii anaweza kuchagua popote kati ya hizo mbili. Lakini akiweza kuziweka pamoja katika ukurasa mmoja, atakuwa na kitu ambacho wenzake hawana.

Delhi inaposhinda

Kama swali linataka aina mbalimbali za falme zilizozaliwa na anguko la dola, usibishane, chagua Delhi. Mbali na magavana waliojitenga kama Hyderabad, Bengal na Awadh, kuna waasi waliojenga dola kutoka chini. Wamaratha walikuwa na mfalme wao tangu Shivaji alipotawazwa 1674, wakadai robo ya mapato ya ardhi ya majirani kama malipo ya kutoshambuliwa, na kufikia 1737 wapanda farasi wa Baji Rao walikuwa wanatisha viunga vya Delhi. Kuna Masingasinga huko Punjab. Kuna Mysore, ambako Haidar Ali, askari aliyepanda ngazi kwa uwezo wake, alishika madaraka 1761 kutoka kwa ukoo wa Kihindu ambao haukuwekwa na Wamughali.

Upande wetu aina ni chache. Tuna maliwali waliogoma, na tuna miji ya kale, kama Pate ya Wanabahani, iliyokuwapo kabla ya Yaarubi na ikajipanua mwanya ulipopatikana. Basi.

Mbona Hyderabad ilidumu na Mombasa haikudumu?

Hyderabad ya akina Asaf Jah iliishi hadi Septemba 1948, ilipoingizwa katika India kwa nguvu za jeshi. Mombasa ya Mazrui ilikoma mwaka 1837. Tofauti hiyo inahitaji kuelezwa, na jibu la haraka kwamba Hyderabad ilikuwa kubwa na Mombasa ndogo halitoshi. Bengal ilikuwa tajiri kuliko zote, na ilianguka mikononi mwa Kampuni ya Waingereza ya Mashariki ya India baada ya vita vya Plassey, Juni 1757, miaka thelathini tu baada ya kifo cha Murshid Quli Khan.

Tazama chakula na ardhi kwanza. Nizam alikuwa na kodi ya ardhi ya eneo pana. Mazrui walikuwa na bandari, ushuru wake, na Pemba, kisiwa kilichowalisha mchele. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 majeshi ya Sayyid Said yaliwanyang'anya Pemba, na kisiwa cha Mombasa kikabaki kinategemea bara na bahari ambayo adui alikuwa anaifunga.

Tazama kisha watu. Mazrui hawakutawala kwa amri tupu. Walitawala kwa kukubaliana na Thenashara Taifa, yaani Thelatha Taifa za Kilindini, Tangana na Changamwe, pamoja na Tisa Taifa za upande wa Mvita, kila kundi na mashehe wake, na kwa kuwa na urafiki na Mijikenda waliopewa zawadi za nguo na waliokuja na mishale vita vilipozuka. Mpangilio huo ulikuwa nguvu yao kubwa. Ndio uliowarudisha ngomeni mwaka 1828, pale Sayyid Said alipoweka askari wake ndani na wenyeji wakawazingira mpaka wakatoka. Lakini mpangilio wa kukubaliana hutaka kukubaliana kila mara. Salim bin Ahmad, liwali wa Mazrui, alipofariki 1835, Mazrui wakagombana wenyewe juu ya mrithi, na sehemu ya wenyeji ikaegemea kwa Sayyid Said. Miaka miwili baadaye ngome ilikuwa yake, na wakuu wa ukoo wakapakiwa jahazini kupelekwa Bandar Abbas. Wengine wa ukoo walikimbilia Gazi na Takaungu.

La tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na ndilo linaloonekana tu ukizilaza hadithi hizi pamoja. Mwaka 1798 Nizam wa wakati huo, mrithi wa yule wa kwanza, alikubali kuingia chini ya ulinzi wa Waingereza: askari wao ndani ya nchi yake, gharama juu yake, siasa ya nje si yake tena. Alipoteza mengi, ila alihifadhiwa. Mazrui waliomba kitu kilekile. Februari 1824 Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alikuta bendera ya Uingereza ishapandishwa hapa na wenyeji, akakubali kuwalinda kwa sharti la kukomesha biashara ya watumwa, akamwacha Luteni Reitz kuwa mkuu wa kituo. Reitz alifariki mwaka huohuo. Port Reitz ya leo ndiyo jina lake. Wakubwa wa Owen hawakuridhia. Sayyid Said alikuwa rafiki yao, ameshatia saini mkataba wa 1822 wa kuzuia kuuza watumwa kwa Wakristo, na hawakuona faida ya kumuudhi kwa ajili ya kisiwa kimoja. Mwaka 1826 bendera ikashushwa.

Kwa hiyo falme mbili za mikoa, zote mbili zimezaliwa na dola iliyovunjika, zilibisha mlango uleule. Moja ilifunguliwa. Anayeandika juu ya Delhi peke yake ataandika kwamba Waingereza walizimeza falme za mikoa, na atakuwa sahihi. Anayeandika juu ya Mombasa peke yake ataandika kwamba Waingereza waliwatupa Mazrui, naye atakuwa sahihi pia. Ni vigumu kuona kwamba ni siasa moja kama huna zote mbili mkononi.

Ushahidi ulio karibu nawe

Kwa mtu wa Mombasa, kipengele hiki hakina mashindano. Ngome ipo pale, na makaburi ya Mazrui hayako mbali nayo. Ndani ya makumbusho utaona vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mazingiwa. Sauti za wenyeji zipo pia: Muyaka bin Haji aliishi humu wakati wa Mazrui wa mwisho, akatunga juu ya vita na ugomvi wao na Lamu na Zanzibar, na mashairi yake yalikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua pamoja na mmisionari William Taylor. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, na tafsiri ya Kiingereza ipo. Soma ukijua kwamba ni mjukuu anawaandika mababu, na Muyaka naye alikuwa mtu wa Mazrui. Upande wa Busaidi utautafuta kwingine, katika tarehe za Oman na barua za Waingereza.

Delhi ina karatasi nyingi mno. Makarani wa Wamughali waliandika kila kitu kwa Kiajemi, na wanahistoria wamebishana kwa miaka mingi: wapo wanaomlaumu Aurangzeb na siasa yake ya dini, wapo wanaolaumu mzigo wa kodi, na wapo wanaosema mikoa haikuoza hata kidogo, ilikuwa inatajirika na ndiyo maana ilijitenga. Kwa mwanafunzi wa chuo anayetakiwa aonyeshe mjadala wa wataalamu, huo ni utajiri. Kwa wa kidato cha nne ni kichaka, na sijui mwalimu anayempeleka mtoto humo bila panga anategemea nini.

Wenye asili ya Kachchh na Gujarat hapa mjini huenda wakataka njia ya tatu, ya kufuata bidhaa. Surat, bandari kuu ya Wamughali, ilipofifia katika karne ya 18, biashara ya nguo za Gujarat na pembe za ndovu za kwetu haikufa, ilihamia bandari nyingine na wafanyabiashara wengine. Ni mada nzuri, ila ni kazi ya muda mrefu.

Nani achukue nini

Kidato, au mazungumzo ya nusu saa mbele ya watu: chukua Maskati na Mombasa, anza na kifo cha Sultan bin Seif wa pili, maliza 1837, na umtaje Nizam kwa sentensi tatu tu mahali pa kiapo cha utii. Insha ya chuo yenye kudai sababu za kiuchumi: Delhi, na ujifunge kwa mkoa mmoja. Bengal ndio rahisi kuufuata kwa sababu mambo yake yako wazi toka 1700, Murshid Quli alipofika, hadi 1765, Kampuni ilipopewa haki ya kukusanya kodi ya mkoa huo. Usijaribu kuwabeba Wamaratha, Mysore na Awadh pamoja katika kurasa kumi.

Mwenye kutembeza wageni Mji wa Kale asihangaike na Delhi kabisa. Awaeleze 1728 na 1729, maana hapo wageni huwa na maswali mengi, na majibu yake anaweza kuwaonyesha kwa kidole akiwa amesimama juu ya ukuta wa ngome.